Mama Fomu Aomba Chuo

Kinyozi hajinyoi, lakini angalau hunyolewa na kinyozi mwenzake. Mama Fomu hakuwa na mwenzake. Kwa miaka kumi na miwili alikaa nyuma ya meza ile ile ya steshenari, kati ya mashine ya fotokopi inayokohoa na kitambaa cha buluu kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, akiwajazia watu fomu za kuomba chuo. Aliwaingiza wauguzi, akawaingiza mainjinia, akawaingiza walimu wasio na idadi, na hata kijana mmoja aliyetaka sheria na hakujua kuandika anwani ya kwao. Wote walipita mikononi mwake, wakaondoka na suti na mabegi yao. Yeye chuo alikikanyaga mara moja tu, alipompelekea mteja cheti alichokisahau kwenye skana.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila halikuwa na kazi. Mtaa mzima ulimwita Mama Fomu, ingawa mtoto hakuwa naye, na yeye aliitika. Mfumo wa udahili aliujua kama mke anavyomjua mume mkorofi: ulilala saa nane mchana na kuamka saa kumi, haukupenda picha nzito, na ukiandika jina lako kwa herufi ndogo ulikutapika bila maelezo. Wateja walipolalamika aliwaambia, "Usibishane nao. Rudi nyuma, vuta pumzi, bonyeza tena."

Siku moja alikuwa anamchapishia mteja mwongozo wa udahili, kurasa arobaini, akausoma huku unatoka moto kwenye mashine. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema kwamba watu wazima wasiozidi miaka thelathini na mitano wanaweza kudahiliwa kwa insha na usaili, hata kama matokeo yao ya shule hayatoshi. Chini yake kulikuwa na orodha ya masomo, na katikati ya orodha kulikuwa na Shahada ya Taaluma ya Filamu. Mama Fomu alikuwa na miaka thelathini na mitano kamili. Mwakani mlango ule ungekuwa umefungwa. Alichapisha nakala ya pili ya ukurasa ule, akaikunja, akaitia kwenye pochi.

Mwenye duka alipoambiwa alicheka mpaka akashika meza.

"Kusomea sinema? Na ukimaliza unakuwa nani, mtazamaji mkuu?"

"Unasoma jinsi filamu zinavyosema mambo bila kuyasema," alijibu Mama Fomu.

"Basi mke wangu ni profesa," alisema mwenye duka, akaenda zake kubadilisha wino.

Nyumbani haikuwa nafuu. Aliishi na mama yake, ambaye ujanani alifagia na kushika mlango katika jumba la sinema la mji wao, kabla halijageuzwa kuwa ghala la vigae. Mama alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto aliposikia habari.

"Miaka mitatu ya kukaa gizani unatazama?" aliuliza. "Mwanangu, hiyo si ulishaimaliza ukiwa darasa la pili?"

Na ni kweli, kwa namna yake. Kila Jumamosi mama alimwingiza yeye na mdogo wake wa kiume kwa mlango wa stoo, akawakalisha juu ya ndoo zilizopinduliwa, katikati ya mifagio. Pazia halisi la sinema lilikuwa limechanika siku nyingi, na badala yake kulitundikwa shuka nyeupe zilizoshonwa pamoja, nyepesi kiasi kwamba picha ilipenya mpaka upande wa pili. Huko upande wa pili ndiko watoto wawili walikokaa kimya na kutazama kila kilicholetwa. Waliokuwa na tiketi walikaa mbele.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilihusu mjane. Haikuwa na maneno mengi, na hayo machache yalikuwa ya lugha ngeni. Mume anakufa, ndugu zake wanakuja kuchukua nyumba, na mjane anatembea siku nzima kutoka ofisi hadi ofisi akitafuta mtu wa kumsikiliza. Mwisho anatoka uani akiwa amebeba kiti kimoja. Mama Fomu aliitazama mara kumi na moja, na tangu wakati huo hakuiona tena popote, maana haikuwa filamu ya kuuzwa barabarani. Lakini aliikumbuka hatua kwa hatua. Akiwa anasubiri fotokopi zitoke, aliicheza kichwani.

Kwa hiyo insha ilipotaka mwombaji achague filamu moja kutoka orodha ya maktaba ya chuo na aeleze namna inavyojenga maana, na ile ya mjane ikawamo, Mama Fomu alipiga kelele peke yake dukani. Aliandika kwa wiki tatu. Hoja yake aliijenga juu ya miguu. Filamu nzima, aliandika, mjane anatembea kutoka kulia kwenda kushoto, yaani kinyume na jicho letu linavyosoma, ndiyo maana tunachoka naye kama tunaopanda mlima. Anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia. Kisha mwisho, akiwa na kile kiti, anageuka na kwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na mtazamaji anapumua. Mjane amekubali kupoteza nyumba, lakini amejipata yeye.

Aliisoma insha yake mara ishirini na kila mara ilimtia machozi. Mtu anapopenda kitu kwa miaka ishirini na mitano bila kuulizwa, halafu akaulizwa, si ajabu akalia.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Picha yake ilikataliwa na mfumo mara nne, yeye aliyepiga picha za nusu ya mji. Mara kitambaa kilikuwa cheusi mno, mara sikio moja halikuonekana, na tarehe ya kuzaliwa nayo ikakataliwa mara mbili. Kwenye kisanduku cha kazi palikuwa na mkulima, rubani na mfugaji wa nyuki, lakini hapakuwa na mtu wa steshenari, akachagua "Nyinginezo". Alipobonyeza kutuma, umeme ulikatika. Alipiga meza kwa kiganja mpaka mwenye duka akamwambia aionee huruma meza. Saa kumi umeme ulirudi, akatuma, ikakubali. Baada ya mwezi mmoja aliitwa kwenye usaili.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na wahadhiri watatu. Wa kati, mwanamume mnyoofu aliyeongea polepole, ndiye aliyeifundisha filamu ya mjane kwa miaka kumi na tisa. Mbele yake kulikuwa na insha ya Mama Fomu, imejaa wino mwekundu.

"Dada, karibu," alisema. "Insha yako imeandikwa vizuri sana. Naomba nikuulize swali moja. Filamu hii umeitazama?"

"Mara kumi na moja."

Wahadhiri wawili wa pembeni walitazamana.

"Mara kumi na moja," alirudia mhadhiri. "Sasa hebu tuitazame ya kumi na mbili."

Aliwasha projekta, na mjane akatokea ukutani. Mama Fomu alishika ukingo wa kiti chake, kwa sababu moyo ulimruka kwa furaha ya kumuona. Kisha mjane akaanza kutembea, akatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Akafungua mlango kwa mkono wa kulia. Akatia sahihi kwa mkono wa kulia. Mhadhiri aliisogeza filamu mbele hadi mwisho, na mjane akatoka uani na kiti chake, akaenda kutoka kulia kwenda kushoto, hadi akapotea.

"Kila mahali umeandika kinyume," alisema mhadhiri, tena bila ukali, na hilo lilimuuma zaidi. "Mwanamke huyu anakwenda mbele filamu nzima, mwisho anashindwa, anageuka kurudi alikotoka. Ni mwisho wa huzuni. Wewe umeandika ushindi. Dada, kuna watu siku hizi wanaiambia kompyuta iwaandikie, nayo inabuni tu."

"Sikuandikiwa na mtu wala kompyuta."

"Basi tuelezee."

Angeeleza nini, na macho yake yenyewe yalikuwa yamemsaliti mbele ya watu watatu? Alijaribu kusema kwamba alimfahamu mjane yule kuliko anavyowafahamu shangazi zake, lakini maneno yalitoka vipande vipande. Wakamshukuru kwa kuja. Alitoka nje, akasimama chini ya ngazi, ana hasira, na mtu wa kumkasirikia hayupo.

Siku ya pili mfumo ulimjulisha kwamba hakuchaguliwa, na wiki moja hakula vizuri. Alidhani labda akili imeanza kumchezea. Kazini alikosea fomu mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mashine ile iwe mpya.

Ndipo akaja askari wa kampuni ya ulinzi, mtu mzima mwenye kitambi, akitaka picha ya kitambulisho cha kazi. Alikuwa amejipiga mwenyewe kwa simu ili asisumbuke na kitambaa cha buluu.

"Hii haifai," alisema Mama Fomu bila kuinua uso. "Jina la kampuni kifuani limegeuka. Umejipiga na kamera ya mbele, inakugeuza kama kioo. Ona, hata nembo yako imehamia upande wa..."

Akainua uso.

"Upande wa nini, dada?"

Mama Fomu alichukua karatasi nyembamba ya mezani, akaandika neno KULIA kwa kalamu nzito, akaigeuza, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Herufi zilipenya, zimepinduka zote. Akazikumbuka zile herufi zilizopita kwenye shuka filamu ikianza, ambazo utotoni alidhani ni za lugha ngeni kama maneno yenyewe. Akakumbuka ndoo na mifagio. Kwa miaka ile yote alikuwa ameitazama dunia nzima ya sinema kutoka mgongoni.

"Nilikuwa nyuma!" alimwambia askari. "Kumbe nilikuwa nyuma!"

"Nyuma ya foleni?" aliuliza askari, akaanza kuangalia huku na huku.

Siku hiyo hiyo alifunga safari hadi chuoni. Dada wa dirisha la udahili alimsikiliza akiwa anagonga mihuri. Akaingia ndani, akakaa humo robo saa, akatoka.

"Rufaa ni moja tu, na siku zimebaki tatu," alisema. "Wanasema hadithi ni nzuri, lakini hadithi kila mtu anayo. Leta maelezo yaliyotiwa sahihi ya mtu aliyefanya kazi kwenye jumba hilo. Athibitishe kwamba ulikaa huko nyuma, na kwamba filamu ilionekana kinyume. Hapo watakusikiliza."

Mama Fomu karibu akimbie. Kati ya wafanyakazi wa jumba lile, aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, na alikuwa anakunywa chai nyumbani kwake.

Lakini mama aliposikia, aliweka kikombe chini.

"Unataka niandike kwamba nilikuwa mwizi?"

"Mama, mwizi wa nini? Jumba ni ghala la vigae. Meneja alishakufa."

"Aliniuliza kila mwezi, kwa miaka kumi na moja, kama nimewahi kumpitisha mtu bila tiketi. Kila mwezi nilimtazama machoni nikasema sijawahi. Wenzangu wanne walifukuzwa kwa kosa hilo hilo. Nilipoondoka alinipa barua ya uaminifu. Sasa niitie sahihi karatasi niseme ile barua ni ya uongo?"

"Kwa hiyo bora nikose chuo?"

"Bora uwaambie vingine. Wewe si ndiye unayejua kujaza fomu?"

Mama Fomu aliwaka. Yale yote ya miezi hiyo, wino mwekundu na umeme na kisanduku cha Nyinginezo, yalimtoka kwa mama yake, mtu pekee ambaye hakuhusika nayo.

"Wewe ndiye uliyenikalisha pale!" alisema. "Watoto wa wenzako walikaa nyumbani au wakakaa mbele. Mimi ukanikalisha stoo nikajifunza kila kitu kinyume, na leo watu wazima wananiona mwongo. Halafu unaogopa aibu ya karatasi!"

Mama aliinuka. Alijifuta midomo kwa kitambaa, akaingia chumbani. Maneno yakishatoka hayarudi, na Mama Fomu alijua hivyo tangu lilipotoka la kwanza.

Siku ya pili ilipita. Siku ya tatu asubuhi, duka limefunguliwa sasa hivi, mama aliingia akiwa amevaa gauni la kutokea na viatu vilivyompa shida kutembea. Hakusalimia mwenye duka. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Nijazie," alisema.

Mama Fomu alifungua ukurasa mweupe. Mama alizungumza polepole, kama wateja wote wazee, akisubiri mashine imfikie.

"Andika. Nilifagia na kushika mlango kwa miaka kumi na moja. Andika kwamba kila Jumamosi niliwaingiza wanangu wawili kwa mlango wa stoo, bila tiketi, na nikamwambia meneja sijaingiza mtu. Andika niliwakalisha juu ya ndoo nyuma ya shuka. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Haya, wanataka nini tena?"

"Wanataka useme kwamba kwa nyuma filamu ilionekana imegeuka. Kulia ikawa kushoto."

Mama alifikiri. Mashine ya fotokopi ilimaliza kupasha moto ikanyamaza.

"Hilo silijui," alisema.

"Mama, si ulikuwa unakaa na sisi pale?"

"Nilikuwa nakaa. Lakini shuka nilikuwa nimeipa mgongo. Nilikuwa nawaangalia nyinyi, mmoja asije akacheka tukakamatwa. Mimi filamu sijawahi kutazama hata moja, mwanangu. Wewe ukitabasamu nilijua pazuri. Ukishika mkono wa mdogo wako nilijua pabaya."

Mama Fomu alitazama kioo cha kompyuta. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewanyooshea watu maelezo yao, neno hapa, sentensi pale, na hakuna aliyewahi kulalamika. Ilihitajika sentensi moja tu. Mama asingesoma, miwani aliiacha nyumbani. Angetia sahihi popote atakapoonyeshwa. Lakini mwanamke yule alikuwa amevaa viatu vinavyomuumiza, akaja mchana kweupe kukiri uongo wake mmoja wa maisha. Kumbandikia wa pili juu yake Mama Fomu hakuweza. Aliandika neno kwa neno: shuka niliipa mgongo, nilikuwa nawaangalia watoto. Akachapisha, mama akatia sahihi, wakapiga muhuri wa duka ambao haukuwa na maana yoyote kisheria.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa, kwenye akaunti yake, kati ya fomu za wateja wawili. *Rufaa imekataliwa. Shahidi hakuitazama filamu husika.* Chini yake mfumo ulimtakia mafanikio na kumkaribisha kuomba tena mwaka ujao, kana kwamba haujui kusoma tarehe ya kuzaliwa uliyoikataa mara mbili kabla ya kuikubali. Alifunga ukurasa. Mteja aliyekuwa mbele yake alikuwa binti anayeomba uuguzi, akamjazia mpaka mwisho, na ilikubali mara ya kwanza.

Jioni alimkuta mama anakunja nguo kitandani.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ni wajinga," alisema Mama Fomu. Alitamani aseme mengi zaidi, lakini hasira ilikuwa imekwisha, umebaki uchovu.

Mama alikunja shati moja, akalipapasa.

"Hiyo filamu ya mjane chuo wanayo?"

"Wanayo maktaba."

"Mtu wa nje anaruhusiwa kuitazama?"

"Anaruhusiwa, akiacha kitambulisho. Mama, rufaa ilikuwa moja. Imekwisha. Hata ukiitazama leo hawawezi..."

"Nani ametaja rufaa hapa?" alisema mama. "Miaka yote ile nilikuangalia wewe. Nataka sasa nione ulikuwa unaangalia nini."

Mama Fomu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Utaiona kwa mbele," alisema. "Ile ya mbele inaisha vibaya. Siyo ile yangu."

"Basi utakaa pembeni yangu," alisema mama, "wao waoneshe ya kwao, wewe unieleze ya kwako."

Mama Fomu akaweka uso kwenye lundo la nguo zilizokunjwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu usaili. Mama alizisogeza kando nguo zilizokauka zisilowe machozi, akaendelea kukunja.